Kebo ya baharini: ijengwe na mwenye mitambo au na mwenye gridi?

Mwaka 2013, karibu na kisiwa cha Borkum nchini Ujerumani, mitambo 30 ya upepo ya Riffgat ilikuwa imeshasimamishwa baharini. Megawati 108 zilikuwa tayari, ila kebo ya kuzileta nchi kavu haikuwa imekamilika. Ikabidi jenereta za dizeli zihudumie mitambo hiyo, kwa lita zipatazo 22,000 kila mwezi. Watu walicheka, na wasioupenda umeme wa upepo bado wanazitaja lita hizo.

Dizeli yenyewe haikuwa kosa. Mtambo wa baharini hauwezi kuachwa ukae tu ukingoje kebo. Unahitaji umeme wa kukausha hewa ndani ya mnara, la sivyo unyevu wa chumvi utakula swichi na transfoma. Rota nayo sharti izungushwe mara kwa mara, kwa sababu beringi inayobeba uzito ikiwa palepale kwa miezi hupata makovu. Tena kuna taa za kuonya meli na ndege. Kwa hiyo lita 22,000 zilikuwa gharama ya kulinda mali. Cha kuuliza ni kwa nini kebo ilichelewa na nani alibeba hasara.

Nchini Ujerumani kebo ya baharini ni jukumu la mwenye gridi, yaani kampuni inayosafirisha umeme, ambayo katika eneo hilo ni TenneT. Njia ilipopimwa yalikutwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, na ilibidi yaondolewe kwanza. Umeme ulianza kupita Februari 2014. Wakati huohuo sheria mpya ilikuwa imempa mwenye mitambo haki ya kufidiwa asilimia 90 ya mapato aliyokosa, kuanzia siku ya 11 ya kucheleweshwa, na sehemu ya mzigo huo ikaingizwa kwenye bili za wateja: senti 0.25 ya yuro kwa kila uniti ya nyumbani. Yaani aliyechelewesha ni mmoja, aliyelipa ni mwingine.

Wakenya wanaujua mkasa wa namna hii, ingawa mkasa wao ni wa nchi kavu. Mitambo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, iliwashwa Septemba 2018. Fidia ikadaiwa kwa umeme ambao haukuvutwa, na lawama nyingi zikamwangukia mwekezaji. Lakini mkataba uliompa mmoja mitambo na mwingine waya ulikuwa umeshapanda mbegu ya ugomvi huo.

Uingereza ilichagua njia nyingine, na mara nyingi inaeleweka vibaya, kana kwamba serikali iliikabidhi gridi kwa matajiri. Mwenye mitambo anaruhusiwa kujenga kebo na vituo vya kupoza umeme mwenyewe, lakini haruhusiwi kubaki navyo. Mdhibiti, Ofgem, anakagua gharama na kukubali zile tu zenye sababu, kisha mali inauzwa kwa kampuni yenye leseni ya kusafirisha umeme. Mnunuzi halipwi kwa wingi wa umeme uliopita. Analipwa kwa kebo kuwa tayari, kwa lengo la asilimia 98 ya muda. Akishindwa anakatwa. Na kebo ikichelewa, anayeumia ni yuleyule aliyeichelewesha.

Faida nyingine imo kwenye uhandisi. Kebo ya mkondo geu (AC) chini ya bahari ni kama kapasita ndefu, yaani kifaa kinachohifadhi chaji na kuirudisha. Ile ya kilovolti 220 huzalisha karibu megavari 3 za umeme usiofanya kazi kwa kila kilomita, hivyo baada ya kilomita 100 nafasi kubwa ya shaba imeliwa na umeme wa kwenda na kurudi. Dawa ni riakta, yaani koili kubwa zinazoufyonza umeme huo, kwenye ncha zote mbili, na Hornsea One, mradi wa upepo wa Uingereza wenye megawati 1,200, iliwekewa kituo kizima cha riakta katikati ya njia baharini. Ukubwa wa riakta hizo hauwezi kupangwa bila kujua programu inayoongoza mitambo, ndiyo maana inafaa mmoja ajenge vyote viwili. Tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga njia ya umeme nchi kavu, volti zikatikisika kidogo, mfumo wa Hornsea ukayumba na megawati 737 zikapotea ghafla. Kituo cha gesi cha Little Barford nacho kikaanguka. Masafa ya mkondo, ambayo kwa kawaida ni hezi 50, yalishuka hadi hezi 48.8, na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa umeme. Wapo wanaoutumia mkasa huo kuupinga mfumo wa Uingereza. Mimi nauona kinyume: kebo na mitambo vilikuwa bado mikononi mwa mradi mmoja, hivyo hapakuwa na wa kusukumiana naye, na programu ilirekebishwa upesi.

Hoja ya upande wa pili ina uzito, hasa mbali na pwani. Kila mradi ukichimba mtaro wake, vijiji vya Norfolk na Suffolk, mashariki mwa Uingereza, vinachimbuliwa mara kwa mara. Umbali ukizidi sana kilomita 100, mkondo mnyoofu (DC) unashinda, lakini vituo vya kubadili mkondo ni ghali mno kwa mradi mdogo. TenneT inaweza kukusanya miradi kadhaa kwenye kituo kimoja, na sasa inasanifisha kebo za kilovolti 525 na gigawati 2. Hilo mwenye mtambo mmoja hawezi.

Kwa miradi hiyo ya mbali namwachia mwenye gridi kebo, kwa sharti kwamba faini ya kuchelewa itoke kwenye faida yake, si kwenye bili. Na tarehe ya kuandika mkatabani iwe siku gridi inapoanza kupeleka umeme kwenye mitambo. Siku hiyo hutangulia kwa miezi ile ya kuuza umeme, kwa sababu bila umeme wa gridi mafundi hawawezi kukamilisha majaribio ya swichi wala ya mitambo.