Dira ya Babu Iko Hotelini

Dira ya babu yangu iko hotelini. Si hoteli ya chai na mahamri. Ni ile ya watalii, ng'ambo ya daraja la Nyali, nilikoalikwa arusi mwaka jana. Tulikuwa tukimngoja bwana arusi, na arusi zetu mwazijua, tulingoja sana. Nikaegemea meza ya kioo karibu na mapokezi, nikatazama chini, nikaiona. Kisanduku cha msaji. Pete mbili za shaba, moja ndani ya mwenzake, zinazoliacha bakuli la dira likae sawa hata chombo kikilala ubavu. Na kwenye ukingo wa kisanduku kovu la moto, urefu wa kidole gumba, pale kandili ilipoanguka usiku mmoja wa kusi karibu na Ras Kigomasha, Pemba. Kisa cha kandili hiyo nilikisikia zaidi ya mara hamsini. Babu hakuwa na visa vingi, lakini alivyokuwa navyo alivitumia.

Kando yake pana kibandiko cha Kiingereza kisemacho kwamba ni dira ya Kiarabu ya karne ya 19. Babu alikuwa nahodha wa Kibokoni, hapa Mombasa, alikozaliwa, na uso wa dira yenyewe umeandikwa Glasgow.

Niseme mapema kwamba haikuibwa. Ami aliiuza mwaka nilioingia fomu wani, akampa mtu wa vitu vya kale hapo Mji wa Kale, ikatoka karo ya muhula mmoja na godoro la bweni. Kwa hiyo huyu anayelalamika hapa ndiye aliyeilalia.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma jinsi wenzetu wanavyohifadhi vyombo vya safari, vya majini, vya hewani na vya angani, na nimefikia msimamo ambao najua utawaudhi marafiki zangu wawili watatu wanaopenda vitu ving'ae. Kifaa cha safari kisafishwe kidogo, kielezwe sana. Uchafu wake ndio habari yake.

Chukua Columbia, chombo kilichowarudisha Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins kutoka mwezini Julai 1969. Ni mali ya makumbusho ya anga ya Smithsonian, Washington. Kwa miaka mingi watu walikitazama kwa nje tu. Mwaka 2016 wataalamu walipokipiga picha ndani kila pembe, walikuta kuta zimeandikwa kwa mkono: hesabu, kalenda ndogo ya mwezi ule yenye siku zilizokatwa moja moja, na onyo kwenye kabati moja kwamba mna taka zinazonuka. Collins naye, walipokuwa wamekwisha kuopolewa baharini na wamefungiwa karantini juu ya meli ya kivita, alirudi mle ndani akaandika kwamba hicho ndicho chombo bora kuliko vyote vilivyopata kutoka kiwandani, Mungu akibariki, akatia jina lake. Kwa Kiingereza alikiita meli. Sasa fikiri mtu angepita mle na kitambaa na sabuni.

Collins angekuwa mtu wa Lamu asingehitaji kuazima neno la meli. Baharia wa hapa akisema chombo hasemi sufuria. Asema jahazi, asema dau, asema kitu kinachokubeba ukatoka nchi kavu. Leo redio yatuambia chombo cha angani na hakuna anayeshtuka. Rubani vilevile. Kabla hajavaa miwani akapanda ndege, rubani alikuwa mtu wa maji, anayejua mlango upo wapi kwenye mwamba na nyota ipi huzama juu ya bandari ipi. Meli ikija Kilindini leo, anayepanda kwenda kuiingiza bado ni rubani. Lugha hii imehifadhi safari nzima, kutoka tanga hadi roketi, bila kujenga hata kabati moja la kioo.

Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, hakukaa kwa amani, akapanda hadi Malindi. Huko ndiko alikopewa rubani, na tarehe 20 Mei alikuwa Calicut. Wengi hulitaja jina la Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria waliolichunguza hawakubali kuwa ni yeye. Aliyeshika njia ile amebaki bila jina. Vyombo vya Wareno, kwa upande mwingine, vyapatikana. Mwaka 2014, kwenye mabaki ya meli Esmeralda iliyozama mwaka 1503 katika visiwa vya Oman, wapiga mbizi walitoa bamba la shaba la upana wa sentimita 17.5, unene usiofika milimita 2. Juu yake ilionekana nembo ya ufalme wa Ureno, basi. Ilibidi lipigwe leza ndipo ikaonekana mikwaruzo 18, kila mmoja digrii 5 kutoka kwa mwenzake. Ni astrolabu ya baharini, ya kupimia kimo cha jua, na ndiyo kongwe kuliko zote zinazojulikana.

Chombo cha rubani wetu kilikuwaje? Kibao cha mti na kamba yenye mafundo. Kiliitwa kamal. Wauma fundo kwa meno, wanyoosha kibao mbele ya jicho, ukingo wa chini ulale kwenye upeo wa bahari, wa juu uguse nyota ya Jaa, ile ya kaskazini. Fundo ulilouma ndilo bandari yako: hili la mji huu, lile la mji ule, na ukifika kimo hicho wageuza omo, mbele ya chombo, na kwenda moja kwa moja na nchi. Kipimo chake kilikuwa kidole, digrii moja na nusu na ushee. Hapa Mombasa kisingefaa kitu kwa Jaa, maana tuko digrii 4 kusini ya ikweta na nyota ile iko chini ya bahari. Huzuka ukishaivuka ikweta kwenda kaskazini. Rubani wa kwetu alilazimika kuwa na nyota nyingine kichwani, na ndiyo maana Kiswahili cha baharini kina Jaa kwa kaskazini na Suheli kwa kusini, majina ya nyota yaliyogeuka kuwa pande za dunia.

Mti huoza na kamba huoza. Shaba hukaa miaka 500 chini ya maji na hutoka na nembo ya mfalme. Hii ndiyo sababu makumbusho mengi ya safari duniani yanaonekana kama safari ilibuniwa na watu wa chuma. Simlaumu mtu, bahari ndiyo iliyochagua. Lakini aliye na kamba analazimika kuhifadhi maneno kwa nguvu zaidi kuliko aliye na shaba, nasi tumefanya kinyume.

Kuna wasemao kifaa kilichosimama kimekufa, kiwashwe, kizunguke, watu wakione kikifanya kazi. Siko pamoja nao. Pale Greenwich, London, wana saa nne za baharini za John Harrison, yule seremala aliyetatua tatizo la kujua uko wapi mashariki au magharibi ukiwa katikati ya maji. Tatu kubwa za mwanzo hutiwa ufunguo zikaenda. Ya nne, ile ndogo kama saa ya mfukoni iliyonenepa, ambayo kwenye safari ya kwenda Jamaica mwaka 1761 ilipoteza sekunde 5 tu katika siku 81, wameisimamisha makusudi. Inahitaji mafuta, mafuta huchakaa, na chuma husagana. Ile iliyoshinda ndiyo iliyonyamazishwa, na mtu husimama mbele yake akasikia zile nyingine tatu zikigonga. Nimeona video tu, lakini nakiri nilinyamaza.

Njoo sasa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, mahali Waitaliano chini ya Luigi Broglio walipoliweka miaka ya 60. Pwani yetu haikuchaguliwa kwa sababu ya mnazi. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, nayo humsukuma kila anayeruka kuelekea mashariki. Na mashariki yetu ni maji matupu, vipande vikianguka havimwangukii mtu. Yaani mambo yaleyale ambayo nahodha angeuliza: mkondo waenda wapi, na mbele kuna nini?

Roketi ile ilibeba setilaiti ya Marekani ya kutazama eksirei za nyota, miale isiyopenya hewa yetu na ambayo lazima uifuate juu. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, aliipa jina Uhuru. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake ndivyo vilivyokifanya kimojawapo, Cygnus X-1, kianze kushukiwa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wanafunzi wa fizikia Marekani na Japani hulitamka neno hili letu bila kujua maana yake, na mimi nimemaliza shule ya pwani, kilomita mia na ushee kutoka jukwaa lile, bila mwalimu hata mmoja kulitaja. Setilaiti yenyewe ilirudi angahewani mwaka 1979 ikateketea. Hakuna cha kuweka kabatini.

Lakini miguu ya chuma ya majukwaa yale iko baharini upande wa Ngomeni. Roketi ya mwisho iliruka hapo mwaka 1988, na chumvi imekuwa ikiyala tangu hapo. Siku yakija mazungumzo ya kuyafanya kivutio, ombi langu ni moja: yasipakwe rangi. Chaza na kutu ziachwe. Wekeni ubao nchi kavu, kwa Kiswahili, wenye tarehe ile na hizo 339.

Ndege nazo zimetuponyoka. Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilianza kupita hapa zikitoka Southampton kwenda Durban. Zilitua majini Mombasa kama bata. Ndege aina hiyo, Short Empire, zilitengenezwa 42. Haikubaki hata moja popote duniani. Shirika letu la pamoja, East African Airways, lilizaliwa mwaka 1946 na kufa mwaka 1977 pamoja na jumuiya iliyolizaa. Lilikuwa na ndege tano za abiria aina ya Super VC10. Moja iliangamia Addis Ababa mwaka 1972, nne zikarudi Uingereza, jeshi la anga likazigeuza matangi ya kuwapa wenzao mafuta angani, zikatumika hadi mwaka 2013. Mojawapo, iliyosajiliwa kwetu kama 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, mwaka 1970, nayo imehifadhiwa Dunsfold, kusini mwa Uingereza. Rangi ni ya kijivu cha jeshi na namba ni ya jeshi. Sidai irudishwe, tutaiweka wapi? Nadai herufi zile tano, 5H-MOG, zisomeke pale ilipo na katika vitabu vyetu.

Najua jibu nitakalopewa barazani: watu wangoja maji ya mfereji, wewe waja na setilaiti. Sawa. Ila simwombi mtu jengo. Jengo nimeona linavyofanya. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la fahari na lenye kumbukumbu za vyombo vyetu, liliporomoka sehemu siku ya Krismasi 2020. Fort Jesus tayari ina kuta, na ina vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa. Wazamiaji waliifanyia kazi kutoka 1977 hadi 1980, wakachora gamba lake lote, kisha wakalifukia tena chini ya matope kwa sababu huko ndiko linakodumu. Naipenda sana akili hiyo. Kilichobaki ni mtu mwenye simu ya kurekodia kukaa na wazee wachache waliosalia Bandari ya Kale, wamtajie pande 32 za dira kwa majina yake ya zamani kabla mmoja mwingine hajatuaga. Mimi nimeanza na wawili. Hawakubaliani upande wa kumi na moja unaitwaje, na ugomvi wao pia nimeurekodi.

Ile hoteli nayo nilirudi. Meneja, kijana mpole, alinisikiliza hadi mwisho, akauliza nina ushahidi gani. Nikamwambia nina kovu. Akanishauri niandike barua pepe, nikaandika, na nikawatungia kibandiko kipya: "Dira ya jahazi. Iliundwa Glasgow. Ilitumiwa na nahodha wa Kibokoni, Mombasa. Alama ya moto ukingoni ni ya kandili, usiku, karibu na Ras Kigomasha, Pemba." Hawajanijibu. Chini yake niliongeza kwamba meza yao ina miguu ya chuma na chuma huivuta sindano, kwa hiyo tafadhali waisogeze kidogo, maana kwa sasa Jaa yao yaelekea baa.