Baba Mdogo na Pipa la Bia

Mtu akifika Kansas City, upande wa Missouri, hawezi kukaa muda mrefu kabla hajaulizwa nyama yake anaila wapi, na jibu lake hupokelewa kwa uzito ambao kwetu Kilimanjaro hupewa habari za mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Mji huu ulikuwa soko kubwa la ng'ombe tangu mazizi ya biashara yalipofunguliwa mwaka 1871 hadi yalipofungwa mwaka 1991, na mnamo mwaka 1908 mtu mweusi kutoka Tennessee aitwaye Henry Perry alianza kuuza hapo nyama iliyoivishwa kwa moshi wa kuni, akiwafungia wateja wake katika magazeti. Tangu hapo ugomvi wa nani anachoma vizuri kuliko mwenzake haujapoa. Kwa hiyo baba mdogo alipokuja kunitembelea, na baada ya kuvumilia vyakula vyangu vya jiko la umeme kwa adabu iliyoanza kuonyesha nyufa, niliamua kumpeleka mahali ambapo nyama ina heshima yake.

Mahali penyewe palikuwa katika jengo la matofali mekundu karibu na yalipokuwa mazizi hayo ya zamani. Ni kiwanda kidogo cha bia chenye baa yake, na wenyewe wameamua kulipamba jengo lote kwa mtindo wa miaka ya sabini na themanini. Kuta zimefunikwa mbao za kahawia, viti vina ngozi ya bandia ya rangi ya chungwa, runinga ni za chogo, santuri inazunguka pembeni, na mashine ya mchezo wa Pac-Man imesimama karibu na mlango wa msalani. Vijana waliozaliwa baada ya vitu hivyo vyote kutupwa walikuwa wakivipiga picha kwa furaha. Baba mdogo, ambaye alifanya kazi ya ufundi wa simu tangu enzi za ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, alisimama mlangoni akatazama kulia na kushoto.

"Mwanangu," akasema, "hii ni ofisi yetu ya Moshi. Wameichukua lini?"

Ukutani palikuwa na simu ya kuzungusha namba kwa kidole. Kabla sijatafuta meza, alikuwa amekwisha kuinua mkono wa simu, ameusikiliza, amegonga kitako mara kadhaa na kutangaza kwamba laini imekufa. Kijana wa kaunta alimweleza kwa upole kwamba ile simu ni pambo tu, haijaunganishwa popote. Baba mdogo alimtazama kama daktari anavyomtazama ndugu wa mgonjwa aliyechelewesha matibabu, akauliza kama wana bisibisi. Nilimshika mkono tukaenda kwenye dirisha la nyama, lakini nilipaswa kujua tangu pale kwamba mikono ya mzee huyo ilikuwa imeamka.

Kwenye nyama hatukugombana sana. Alitaka kwanza aione ikiwa bado mbichi, imening'inia, ili achague paja mwenyewe na kusimamia mizani, na ilimchukua muda kukubali kwamba kidari alichokuwa anauziwa kiliingia kwenye tanuri la moshi jana yake usiku. Nilimweleza kwamba kidari ni nyama ngumu, yenye nyuzi nyingi, na kwamba huwekwa katika joto dogo la nyuzi mia moja na kitu kwa saa kumi na mbili au zaidi, mpaka ile mishipa inayoshikilia nyama iyeyuke na kuwa ulaini. Akasema kwamba kama ng'ombe wao anahitaji usiku mzima, basi alikuwa ng'ombe mzee. Hata hivyo alifurahi kukuta wanapima kwa ratili, kipimo alichokifahamu tangu utotoni, akaagiza ratili mbili za kidari na ratili moja ya zile ncha zilizoungua ambazo ndizo fahari ya mji huu. Tulipewa kidude cheusi cha plastiki ambacho kingetetemeka na kuwaka taa nyekundu nyama ikiwa tayari. Nikakitia mfukoni.

Shida ilianzia kwenye bia. Mimi nilikuwa dereva, kwa hiyo nilichukua soda, na jambo hilo naomba msomaji alikumbuke. Baba mdogo alisogea kaunta, akatazama ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya bia zaidi ya kumi, na akazungumza Kiingereza chake cha telegramu, kile kisichopoteza neno kwa sababu zamani kila neno lililipiwa.

"Bia moja. Nyeusi. Isiwe ya friji."

Tanzania mhudumu yeyote angemletea bila kuinua kichwa, kwa kuwa swali la baridi au moto ndilo la kwanza kuulizwa hata kabla ya salamu kukamilika. Hapa yule kijana aliacha kufuta glasi. Marekani bia hunywewa baridi kiasi cha kuuma meno, na anayekataa baridi huwa ni mmoja wa watu wawili: ama mgeni asiyejua, ama bingwa anayejua kwamba baridi kali huficha ladha, na kwamba stauti, ile bia nyeusi nzito, haifunguki mpaka ipate joto kidogo. Kijana alimtazama mzee mwenye mvi, suti ya Kaunda iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, akaamua kwamba huyu ni wa aina ya pili. Akauliza kwa sauti ya chini kama mzee yumo katika biashara ya bia.

"Nyumbani tunapika wenyewe," akajibu baba mdogo, na hakuwa amesema uongo.

Muda si muda akatokea mpika bia mwenyewe, mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mpira, akifuta mikono kwa taulo. Baba mdogo alisimama, akavua kofia, akamwita Mama. Kwetu mbege, pombe yetu ya ndizi, hupikwa na akina mama, na hadi leo mzee haamini pombe iliyopikwa na mwanamume, hivyo kiwanda kizima kilipanda cheo machoni pake. Mama huyo akamwonjesha bia chachu, ya aina inayoachiwa bakteria kwa makusudi mpaka iwe kali mdomoni, akasubiri hukumu.

Baba mdogo aliisukasuka kinywani, akameza, akafumba macho.

"Imechacha," akasema.

Nilitafuta mahali pa kuficha uso. Yule mama, kwa upande wake, aliwageukia wafanyakazi wake kama mtu aliyethibitishwa mbele ya mashahidi, akasema kwamba hatimaye amepatikana mteja aliyeielewa. Kuanzia hapo sikuwa na kazi tena. Mzee alimweleza habari za mbege: ndizi mbivu zinavyochemshwa na kuachwa zichachuke, uji wa kimea cha ulezi unavyoongezwa, na gome la mti wa msesewe linavyotia uchungu. Mama alichukua kalamu moja kutoka mfuko wa suti ya Kaunda bila kuomba, akaanza kuandika. Uchungu wa bia zao unatoka kwenye maua ya hopsi, na habari ya kwamba kuna mlima Afrika ambako kazi hiyo hufanywa na gome la mti ilimfanya asahau wateja wote waliokuwa wakimsubiri. Akatualika nyuma, kwenye chumba cha mapipa, ambako wateja wa kawaida hawaingii.

Chumba kilikuwa cha giza kidogo na harufu nzuri ya mbao. Mapipa yalipangwa kwa ngazi mpaka karibu na dari, kila moja la lita mia mbili hivi. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ikomazwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, na kwa sababu hiyo wenye wiski wakishalitumia pipa hulazimika kulitafutia mnunuzi, na wapika bia wadogo hulikimbilia ili stauti yao ivute ladha iliyobaki kwenye mbao. Stauti ya humo ndani, alisema mama, ilikuwa na kileo cha asilimia kumi na mbili. Baba mdogo alitikisa kichwa kwa heshima.

Kisha akatuonyesha jinsi ya kuonja bila kufungua pipa. Usoni mwa kila pipa hutobolewa tundu dogo mno, la upana usiozidi milimita tatu, na ndani yake hupigiliwa msumari wa chuma kisichoshika kutu, unaofahamika miongoni mwao kwa jina la Vinnie Cilurzo, mpika bia wa California. Ukiuchomoa kwa koleo, bia huruka kama uzi, unakinga glasi, unaurudisha msumari, kazi imekwisha. Mama alifanya hivyo kwa utulivu, halafu simu yake ikalia. Akaweka koleo juu ya pipa, akageuka kando kuzungumza.

Nilisikia mlio mdogo nyuma yangu. Nilipogeuka, baba mdogo alikuwa ameshika koleo mkono mmoja na glasi mkono wa pili mbele ya pipa la jirani, na uso wake ulikuwa na amani ya fundi aliyerudi kazini. Uzi wa bia ulitoka vizuri. Glasi ilijaa vizuri. Ndipo alipotaka kuurudisha msumari, akagundua kwamba haumo tena kwenye meno ya koleo, na sote wawili tukasikia ukigonga sakafu, ukiruka, na kutumbukia ndani ya mfereji wa maji machafu wenye kifuniko cha matundu.

"Ziba," akaniamuru, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaamuru vibarua wa nguzo za simu.

Niliziba. Kidole cha shahada kinatosha kuziba tundu la milimita tatu, mradi kikae sawasawa. Kikisogea hata unywele mmoja, ule uzi hugeuka kuwa mnyunyizo mpana unaofika usoni, kwapani na ndani ya sikio, na ndicho kilichonipata kila nilipojaribu kusimama kwa staha zaidi. Mama alikata simu, akaangalia, akasema kwa utulivu wa kutisha kwamba misumari ya akiba iko kwenye droo ya ofisi, upande wa pili wa jengo, na akanisihi nisiondoe mkono hata kidogo. Buti zake zikasikika zikienda mbio. Baba mdogo alipiga magoti juu ya mfereji, akauvuta msumari kwa kalamu iliyobaki, na kalamu nayo ikazama.

Hapo ndipo kidude cha mfukoni kilipoanza kutetemeka.

Kama ningekuwa peke yangu kisingenishtua, lakini nilikuwa nimeweka mwili mzima katika kazi ya kutotikisika, na kitu kilichotikisika kwenye paja langu kilinifanya nipige kelele, nisogeze kidole, na kujimwagia usoni stauti ya asilimia kumi na mbili. Baba mdogo alielewa maana ya zile taa nyekundu. Akakichomoa kidude mfukoni mwangu, akanitazama, akalitazama pipa, akasema kwamba nyama ya moto haiwekwi, na akaondoka.

Alirudi na sinia kabla mama hajarudi na msumari. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaikagua nyama kwenye mwanga. Chini kidogo ya ganda jeusi, kila kipande kina mstari wa waridi, ambao ni kazi ya moshi kwenye rangi ya nyama na hauna uhusiano na kuiva au kutoiva, lakini mzee aliiona kuwa mbichi na akataka irudishwe motoni. Nilimweleza hayo nikiwa nimeliegemea pipa, bia ikinichuruzika kidevuni. Ili kupima ukweli wa maneno yangu, aliniwekea kipande mdomoni. Nikatafuna. Aliponiona sijafa, akala naye, na sura yake ikabadilika kabisa, ingawa alichosema ni kwamba nyama isiyoyapa meno kazi ni ya wagonjwa. Kisha akazimaliza zile ncha zilizoungua zote, peke yake, mbele ya macho yangu, huku mimi nikiwa siwezi kunyoosha mkono.

Mama alirudi akapigilia msumari kwa pigo moja. Hakukasirika hata chembe. Alisema kwamba nusu ya watu aliowahi kuwaingiza humo wamewahi kulowa, akatukumbusha kwamba chakula hakiruhusiwi katika chumba cha mapipa, halafu akachukua kipande cha mwisho cha kidari mwenyewe. Alipoona suti ya Kaunda imelowa kifuani, akamletea mzee fulana kavu. Kwangu hakukuwa na saizi. Hivyo mimi, ambaye sikuwa nimemeza tone hata moja isipokuwa lililonirukia, nilikwenda msalani kujikausha kwa karatasi za kunawia, nikiwaza nitamweleza nini askari wa barabarani atakayenisimamisha na gari zima likinuka kiwanda.

Nilipotoka msalani sikumwona baba mdogo mezani. Nilimwona amesimama karibu na kaunta, mikono nyuma, amevaa fulana ambayo mgongoni iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mwenye kuivaa ni mfanyakazi. Mbele yake wameketi kijana na mchumba wake waliokuwa wakimuuliza, kwa unyenyekevu, bia gani inafaa kunywewa pamoja na kidari. Mzee alifikiri. Akaazima kalamu kwa yule mchumba, akavuta karatasi ya kufutia mikono, akaandika, akampelekea kijana wa kaunta, ambaye aliisoma mara mbili na kuanza kuhudumia bila kuuliza: "NYEUSI MBILI. ZISIWE ZA FRIJI. HARAKA."