Mabawa peke yake hayatoshi

"Ndege ana mabawa bwana, pakimshinda si atahama?" Kauli hii nimeisikia sana, Nguruka, Urambo, hata ndani ya treni ya Kigoma, kila mazungumzo yanapofikia joto kuongezeka na mabwawa kukauka. Wanaoisema hawana nia mbaya. Mwaka huu wanaona korongo wametua mbugani, mwaka unaofuata hawawaoni, basi wanaamini wamepata pazuri zaidi. Mimi siikubali, kwa sababu inatupa ruhusa ya kukaa bila kufanya lolote.

Wapo waliohama kweli. Korongo weupe wa Hispania na Ureno zamani walivuka kuja Afrika karibu wote. Siku hizi maelfu wanabaki hukohuko majira ya baridi, maana baridi imepungua makali na madampo ya taka yanawalisha mwaka mzima. Bata kadhaa wa kaskazini mwa Ulaya nao, ambao barafu ilikuwa ikiwasukuma kusini, sasa wanakaa Finland na Sweden wakati wa baridi kwa wingi kuliko miaka ya 1980. Lakini korongo hao sasa hawasafiri mbali, na bata ni wasafiri wa karibu. Maji yakiganda wanayaona, wanasogea, yakiyeyuka wanarudi.

Wageni wetu wanaotoka mbali kaskazini hawana nafasi hiyo. Kitwitwi, ndege mdogo wa ufukweni, aliye ukingoni mwa bwawa la Igombe huko Tabora mwezi Machi hana namna ya kujua kama theluji ya Siberia imeanza kuyeyuka. Anaondoka kwa kufuata saa aliyozaliwa nayo mwilini. Huko kaskazini theluji inawahi kuyeyuka, wadudu wanawahi kutoka, na vifaranga wake wanaanguliwa karamu ikiwa imeshapita, wanaambulia makombo.

Matokeo yake yameshapimwa. Mwaka 2016 watafiti walichapisha habari za aina moja ya vitwitwi wanaozaliana Rasi ya Taimyr, Siberia, na kukaa Mauritania wakati wa baridi. Miaka ambayo theluji iliwahi kuyeyuka, vifaranga walikua na miili midogo na midomo mifupi. Walipofika pwani ya Mauritania midomo ile haikuwafikia kombe waliojichimbia chini ya mchanga, na wengi hawakumaliza mwaka wao wa kwanza. Hili huwa linaniuma kila nikilifikiria: joto limempiga kaskazini, lakini anakuja kufa njaa Afrika, mbele ya chakula asichokifikia.

Sasa turudi kwetu. Vitwitwi huanza kufika Agosti na Septemba, na mvua za Tabora na Kigoma hazianzi mpaka Novemba hivi. Kwa hiyo wanatua kipindi kibaya kuliko vyote. Mbuga imepasuka nyufa, majaruba ni vumbi tupu, mito midogo imebaki mchanga. Maji yaliyosalia ni ya mto Malagarasi na mabwawa yake, maziwa ya Sagara na Nyamagoma, mto Ugalla, na mabwawa machache ya kuchimbwa kama Igombe.

Nenda Igombe asubuhi ya Oktoba umwangalie mmoja. Anatembea kwenye tope akitikisa mkia, anachoma mdomo, anachomoa kijidudu, anasogea hatua mbili, anachoma tena. Ana gramu 60 hivi, na miguu yake haimruhusu kuingia kwenye maji yanayozidi sentimita chache. Maisha yake yote ya hapa yako kwenye ule mkanda mwembamba wa tope laini. Jua likizidi, tope linakuwa tofali. Mvua ikija ya kupita kiasi, mkanda unazama. Miaka ya karibuni Kigoma tumeona Ziwa Tanganyika likipanda mpaka kumeza fukwe na nyumba za watu. Ndege wa ufukweni naye amepoteza sehemu yake ya kulia.

Na wakati huohuo, Septemba na Oktoba, ndipo tunapochoma nyasi mpaka kwenye matete, na ng'ombe wanaingizwa katikati ya maji kwa sababu kwingine hakuna. Miti inakatwa kwa ajili ya mabani ya kukaushia tumbaku na mkaa, halafu udongo unaingia mitoni. Sisemi mfugaji asinyweshe mifugo yake. Nasema tusiite haya yote mabadiliko ya tabianchi, kana kwamba yanatoka mbinguni moja kwa moja. Mkulima naye ana hasara hapa: korongo wakitua mvua za kwanza zinaponyesha, wanakula viwavijeshi, na hawamtozi mtu senti.

Malagarasi-Muyovosi ni ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, hekta zaidi ya milioni tatu. Theluji ya Siberia hatuna uwezo nayo. Tope la Sagara liko mikononi mwetu, na ndege aliyeshiba hapa anaondoka Machi na mafuta ya kutosha, anafika na nguvu za kutaga hata kama mambo ya kule yamevurugika.

Mambo mawili yanaweza kuanza msimu huu. Vijiji vilivyo kando ya maji vijiwekee sheria ndogo: moto marufuku kwenye matete mpaka mvua zianze, na ng'ombe wawe na njia maalumu za kushukia kunywa. La pili ni kuhesabu. Kila Januari duniani kote huhesabiwa ndege wa majini, kazi iliyoanza mwaka 1967. Shule za sekondari za Kaliua, Uvinza na Tabora mjini zinaweza kushiriki kwa darubini mbili na daftari, kila mwaka sehemu ileile, saa ileile. Mtu akituambia tena kwamba korongo wamehamia pengine, tumfungulie daftari.