Heri ya Kuzaliwa, Marehemu

Turubai halina maandishi. Ukilikuta limefungwa katikati ya barabara Morogoro saa mbili usiku, viti vya plastiki vimepangwa, wanaume wameinamia karata na watoto wanakimbizana, inabidi usogee kwanza usikie kama ndani wanapiga vigelegele au wanalia. Los Baños, mkoa wa Laguna kusini mwa Manila, Ufilipino, nilikokwenda kusomea mambo ya mpunga, hata kipimo hicho hakisaidii. Msibani kule watu wanakesha wakitafuna mbegu za tikiti na kutaniana hadi alfajiri. Nawatajia mapema ili tukifika kwenye balaa lenyewe pasiwe na mtu wa kuniuliza nilikuwa nimekunywa nini.

Ate mwenye nyumba wangu (kule mwanamke aliyekuzidi umri kidogo ni Ate, dada mkubwa, hata kama anakudai kodi) alikuwa na mjomba wake, sisi wapangaji tukimwita Lolo, yaani babu. Lolo alikuwa anatimiza miaka 80. Na miaka 80 Ufilipino siyo tu keki na mishumaa. Kwa sheria ya 2024, anayefikisha umri huo serikali inampa peso 10,000 taslimu, na Lolo alikuwa ameshazitumia zote kwa mdomo. Kila jioni alikaa kwenye benchi la kiduka cha jirani, kile cha kuuza shampuu ya pakiti na sigara mojamoja kupitia dirisha lenye nondo, akatuhesabia majogoo wa kupigana atakaowanunua. Kwa hesabu zangu, wale majogoo hata peso 50,000 zisingewatosha.

Kazi niliyopewa mimi ilikuwa moja: kuleta pai ya dafu. Mji ule unasifika kwa pai hiyo. Maduka yake yamejipanga kando ya barabara kuu, na watu wa Manila hawarudi kwao bila boksi lililofungwa kamba. Ndani ni nyama laini ya dafu, inatoka jikoni ikiwa ya moto kiasi cha kukuunguza mapaja kupitia suruali. Nasema hivyo kwa ushahidi, maana nilipopanda jeepney, daladala ya kule, nafasi pekee iliyobaki ilikuwa nyuma ya dereva, na anayekaa pale ameshaajiriwa ukondakta bila mshahara. Nauli zote za gari zinapita mkononi mwako kwenda, chenji zote zinapita mkononi mwako kurudi. Mimi ni mrefu, paa la jeepney ni fupi. Kwa hiyo nilisafiri shingo imepinda, pai inanichoma, mwanamke wa mwisho kabisa ananidai chenji yake kwa ukali wa mtu aliyenikopesha.

Nashuka njiapanda, mvua inaanza, umeme unakatika. Mji mzima kwisha.

Nikaita traisikeli, pikipiki yenye kibanda ubavuni ambamo mtu wa urefu wangu anaingia kwa kukunjwa. Dereva nilimweleza vizuri kabisa, kwa Kitagalog nilichofundishwa darasani: kwa yule mzee wa miaka 80, upande wa ziwani, penye turubai. Akaitikia haraka kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao.

Na kweli alinipeleka kwa mzee wa miaka 80, upande wa ziwani, penye turubai. Mpaka leo sina hoja ya kumshinda yule bwana.

Mtaa wote ulikuwa giza isipokuwa pale, jenereta linanguruma. Chini ya turubai nikawaona majirani ninaowajua, wamezama kwenye karata. Sufuria la supu ya makaroni linazungushwa. Ukutani bango kubwa lenye picha ya kijana mtanashati, nywele zinang'aa mafuta, na mwaka 1944, mwaka aliozaliwa Lolo. Upande wa pili wa bango sikuuona, shada la maua lilikuwa limeuziba. Sura haikufanana na ya Lolo hata kidogo, lakini wajukuu wakipewa kazi ya kuchagua picha ya babu, wanachagua ile ya enzi ana nywele. Nikamuuliza mtoto mmoja, "Lolo yuko wapi?"

"Ndani," akasema. "Amelala."

Nikafikiri: mzee, giza, mvua, kajinyoosha kidogo kabla ya keki. Nikavua viatu mlangoni, nikainua boksi juu kama kombe, nikaingia kwa ile sauti ya kumwamsha mtu kwa furaha:

"Maligayang kaarawan po, Lolo! Amka, pai imefika!"

Maneno yale maana yake ni heri ya kuzaliwa. Na Lolo alikuwa amelala kweli, ndani ya jeneza jeupe lenye kioo, taa mbili ndefu kila upande, amevaa barong yake, shati la heshima la kule, safi iliyopigwa pasi.

Jenereta peke yake ndilo lililoendelea kuongea. Mama mmoja aliyekuwa anasali rozari alibaki na punje moja kati ya vidole. Mjane alikuwa amekaa kichwani pa jeneza. Akaniangalia, akaiangalia pai, akamwangalia mumewe. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia, nikatafuta mlango.

"Mwanangu," akasema huku anajifuta macho, "miaka hamsini nimekaa na huyu, hajawahi kuamka akiitwa mara moja. Mwite tena."

Nyumba ikalipuka. Aliyekuwa anasali ndiye aliyecheka kuliko wote. Huko nje wakauliza kuna nini, wakaambiwa, turubai nalo likalipuka, kisha nikasikia kicheko kinahama nyumba kwa nyumba gizani. Kitagalog chote kilikuwa kimenikimbia, nikatoa pole kwa Kiswahili. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa rambirambi, maana hilo ni la kwetu na kwao pia. Binti mwenye daftari akaniandika. Jina langu lilimshinda, akaandika "Afrika".

Mjane akaifungua pai palepale, akaigawa kwa wacheza karata. Mimi nikapewa kahawa, biskuti na kiti kwenye meza ya tong-its, ile karata yao, kuziba pengo la mtu aliyekwenda kukojoa. Sehemu ya pesa inayochezwa wanapewa wafiwa, kwa hiyo kuliwa pale ni kama kutoa rambirambi ya pili. Nilitoa sana. Mbele yangu alikaa dereva wangu wa traisikeli, na yeye anatoa.

Simu ikaita. Ate. Nikamweleza niliko. Akavuta pumzi ndefu, halafu zikaanza sheria. Usije moja kwa moja huku, utatuletea mauti kwenye sherehe. Pita kwanza mahali pengine, ukae, ule kitu, kivuli cha msiba kikuache. Na hiyo pai usithubutu kuibeba, chakula cha msibani hakiondoki msibani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, pai haipo tena.

Nikaaga. Nikasimama mlangoni kungoja kusindikizwa kama mtu mstaarabu, nikangoja, hakuna aliyeinuka. Mwishowe dereva akanivuta shati: wafiwa kule hawamsindikizi mgeni, ni mwiko, na mimi nilikuwa nawatesa watu wa watu kwa kuwakodolea macho.

Yeye naye alihitaji kuachwa na kivuli kabla ya kurudi kwa mkewe, kwa hiyo tukaenda wote kwenye kibanda cha uji wa wali wenye tangawizi, karibu na njiapanda, kinachouzia kwa mwanga wa mshumaa. Alikula bakuli mbili, akaongeza yai. Nikalipa mimi. Aliniambia kuwa kwa desturi anayelipa ndiye anayetakasika zaidi. Hilo nina shaka nalo.

Umeme ulirudi tukiwa tunakaribia kwa Ate, na videoke, mashine ya kuimbia, ikarudi nao, ikaunguruma kutoka katikati ya wimbo. Lolo, yule hai, alikuwa ameshika maiki, kipara kinang'aa. Aliponiona akasimamisha muziki.

"Wewe," akasema kwenye maiki, mtaa mzima unasikia. "Wewe ndiye uliyenizika?"

Nikaanza kujieleza. Hakutaka maelezo, alitaka pai. Nikamwambia wameila msibani. Akauliza nani na nani. Nikataja. Alipomsikia mmoja wa wacheza karata akaweka maiki chini: yule bwana anadaiwa naye pesa ya jogoo tangu mwaka jana, na sasa amekula na pai ya birthday yake. Akadai fimbo, akadai kofia. Ate akajitupa mlangoni, akamkumbusha kuwa mwenye sherehe haendi msibani, ni nuksi. Lolo akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na dakika kumi usiku.

"Birthday ilikuwa jana," akasema. "Leo ni mtu wa kawaida. Na marehemu ni rafiki yangu, nisimzike?"

Basi sherehe nzima ikanyanyuka, wajomba, shangazi, watoto, na sufuria la tambi likabebwa, kwa kuwa kupeleka chakula msibani hakuna mwiko. Mimi nikawekwa mbele kwa sababu, walisema, njia naijua. Dereva alishawasha pikipiki zamani, anapakia wazee kwa zamu, nauli ya usiku kila kichwa. Lolo alipanda wa kwanza. Kabla hajaondoka akachungulia kutoka kibandani, akaniambia niwahi kwa mama wa uji nikamwandalie mabakuli ishirini na mbili, tutapita pale tukirudi.

"Na wewe ndiye unalipa," akaongeza, "nimesikia ndiyo desturi."