Ajinabi wa Moroko: je, dinosaria wenye midomo ya bata waliivuka bahari?

Mwaka 2020 mtaalamu wa visukuku Nicholas Longrich na wenzake walitangaza kwamba kipande cha taya chenye meno, kilichotoka katika machimbo ya fosfeti ya Sidi Chennane nchini Moroko, kilikuwa cha dinosaria mwenye mdomo wa bata, wakampa mnyama huyo jina la Ajnabia odysseus. Msomaji wa Unguja au Pemba hahitaji kamusi kulielewa neno la kwanza, kwani ajinabi kwetu ni mgeni, mtu wa kuja. La pili ni jina la baharia wa ngano za Kigiriki aliyetangatanga baharini miaka kumi kabla ya kufika kwao. Jina lenyewe, kwa hiyo, ni dai: mnyama huyu hakuanzia Afrika, alikuja, na alikuja kwa njia ya maji. Dai hilo linastahili kupimwa, na nadhani sisi wa visiwani tuna sababu ya kulipima kwa makini zaidi kuliko wengine.

Jamii ya wanyama hawa, inayoitwa hadrosauri, imejulikana tangu mwaka 1858, Joseph Leidy alipoieleza mifupa ya Hadrosaurus iliyopatikana New Jersey, Marekani. Walikuwa walaji wa mimea, wenye mamia ya meno yaliyoshikana safu kwa safu na kufanya kazi kama jiwe la kusagia, na baadhi yao, akiwamo huyu wa Moroko, walikuwa wa tawi lililobeba kishungi cha mfupa kichwani. Mabaki yao yamejaa Amerika Kaskazini na Asia, na yapo pia Ulaya na Amerika Kusini. Afrika ilikuwa haimo katika orodha hiyo, na hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu miaka milioni 66 iliyopita, zama za mwisho za dinosaria, bara letu lilikuwa limezungukwa na bahari pande zote. Taya ya Moroko ndiyo iliyozua swali, hasa kwa kuwa umbo lake linamhusisha mnyama huyo na jamaa zake wa Ulaya, wakiwamo wa Uhispania.

Kwa mtu wa Zanzibar, swali la jinsi mnyama anavyofika kisiwani si geni. Katika pango la Kuumbi, Jambiani, wachimbuaji wamepata mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao leo hawapo Unguja. Hao hawakuogelea: walikuja kwa miguu wakati bahari ilipokuwa chini na Unguja ikiwa sehemu ya bara, kisha maji yakapanda na kuwakatia njia. Pemba ni habari nyingine, kwa kuwa mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, na popo wa Pemba, yule mkubwa anayeonekana kwa wingi Kidike, ana jamaa zake Komoro, Madagaska na Asia, ilhali bara la Afrika hana hata mmoja. Visiwa viwili vya nchi moja vinatupa njia mbili tofauti, ya nchi kavu na ya kuvuka bahari, na kila mnyama hana budi kuulizwa peke yake alipita ipi.

Popo huruka, kwa hiyo mfano wake haumfikishi mbali anayemtetea Ajnabia. Ulio mzito zaidi ni wa Desemba 2004, pale kobe mkubwa wa Aldabra, wa aina ile ile inayofugwa Changuu, alipotoka majini na kupanda pwani ya Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, akiwa amekonda na miguu yake imeota viumbe vidogo vya magamba kama vinavyoota kwenye ngalawa iliyokaa sana majini. Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli, iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo. Miaka tisa kabla yake, baada ya vimbunga viwili kuipiga Karibi, kundi la mijusi wa aina ya iguana lilitua kisiwa cha Anguilla juu ya chelezo la miti iliyong'olewa. Ikiwa mambo haya yametokea mbele ya macho yetu katika muda mfupi hivi, basi katika miaka milioni kadhaa hata lililo adimu mno hupata siku yake.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja ambazo haifai kuzipita juu juu. Kobe huelea na anaweza kukaa miezi bila chakula. Hadrosauri wa mita tatu, ambao ndio urefu unaokadiriwa kwa Ajnabia, ni mnyama mwingine kabisa. Ni kweli kwamba wataalamu wa zamani waliwadhania wanyama hawa kuwa wa majini, kwa sababu ya mdomo wao na kwa sababu mzoga uliokaukia na ngozi yake, uliopatikana Wyoming mwaka 1908, ulionekana kuwa na utando baina ya vidole. Lakini mwaka 1964 John Ostrom alionyesha kwamba walikuwa wanyama wa nchi kavu, na utando ule ukaja kueleweka kuwa ni mabaki ya nyama ya kukanyagia. Mkia wao pia ulikazwa na kano zilizogeuka mfupa, jambo lisilomsaidia anayetaka kuupiga kama kasia.

Lipo pia swali ambalo mimi naliona kuwa gumu kuliko yote. Fosfeti ya Moroko ni tabaka la chini ya bahari, nalo limejaa mabaki ya papa na watambaazi wa baharini. Taya moja ndani ya tabaka kama hilo yaweza kuwa ya mzoga uliovimba, ukaelea kutoka pwani ya Ulaya na kuzama mbali na kwao. Mtu anayeishi pwani anajua ni vitu vingapi visivyo vya hapo ambavyo bahari hutupa ufukweni.

Jibu lilikuja mwaka 2024, kwa tangazo la mnyama wa pili kutoka machimbo hayo hayo, Minqaria bata, ambaye jina lake limetokana na Kiarabu: minqar ni mdomo wa ndege, na bata ni bata kama tunavyomwita sisi. Pamoja naye yakaelezwa mabaki ya mwingine, mkubwa kuliko wote wawili. Mzoga mmoja unaweza kupotea njia. Aina tatu za ukoo mmoja katika eneo moja ni dalili ya wanyama waliokuwa na makazi karibu, wakazaana na kugawanyika katika aina mbalimbali hapo hapo Afrika Kaskazini. Hoja ya mzoga, kwa maoni yangu, imedhoofika sana tangu siku hiyo.

Haijadhoofika kwa kiasi hicho hoja ya wanaosema kwamba huenda walikuja mapema zaidi kwa miguu, nasi hatujaiona mifupa yao. Wenye hoja hii wana haki ya kukumbusha kwamba ardhi yetu imechimbwa kidogo mno. Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 kwa nguvu za mamia ya vibarua wenyeji chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, kulitoa mifupa mingi ya Dysalotosaurus, jamaa wa mbali wa ukoo uliokuja kuzaa wenye midomo ya bata. Huyo aliishi miaka milioni 150 iliyopita, wakati mabara yalikuwa bado yameshikana, na hakuhitaji kuvuka chochote. Mnyamawamtuka, dinosaria wa kusini-magharibi mwa Tanzania aliyetangazwa mwaka 2019, ni wa miaka milioni 100 hivi. Baina ya tabaka hizo na mwisho wa dinosaria kuna kipindi kirefu ambacho Afrika ya kusini mwa Sahara ina visukuku vichache, na ukimya wa ardhi isiyochimbwa hauwezi kuwa ushahidi wa upande wowote.

Hata hivyo, njia ya miguu inadai daraja la ardhi kati ya Ulaya na Afrika, na daraja lingepitisha wanyama wengi kwa pamoja, kama Unguja ilivyopitisha pundamilia na nyati. Anayedai daraja anawajibika kutuonyesha wasafiri wenzake hadrosauri. Chelezo au kuogelea hakudai hivyo, kwani bahari huchuja, hupitisha mmoja na kuwazuia mia. Na kwa wanaosema kwamba mnyama mzito hawezi, Madagaska ilikuwa na viboko wake, waliotoweka baada ya binadamu kufika, ilhali kisiwa hicho kilijitenga na Afrika zamani sana kabla kiboko yeyote hajakuwapo duniani. Kwa njia yoyote waliyopita, mababu zao walivuka maji ya upande wa Msumbiji, ambayo leo pale penye wembamba kabisa yana kilomita zipatazo 400.

Kwa hiyo ninaikubali safari ya baharini, ingawa siikubali picha ya mnyama aliyezaliwa kuogelea, ambayo inazidi kile mifupa inachosema. Kinachoweza kunibadilisha ni mfupa mmoja wa hadrosauri kutoka tabaka la Afrika lenye miaka milioni 80 au zaidi, hasa ukipatikana pamoja na wanyama wengine wa Ulaya wa zama hizo.