Tuambieni Saa, Wati Baadaye

Haupiti muda bila kusikia kwamba seli mpya ya fueli ya oksidi yabisi imevunja rekodi: wati kadha kwa kila sentimita ya mraba, tena kwenye joto la nyuzi 500 tu. Watu wanashangilia. Mimi grafu hiyo huiruka, nikatafute mstari mmoja: ilikaa kazini saa ngapi? Mara nyingi ni mia mbili, au mia tano. Saa 500 hazifiki hata siku 21. Mwenye jengo anayetaka umeme anazungumzia saa 40,000, yaani miaka minne na nusu mfululizo.

Kwa asiyezijua, seli hizi ni za kauri. Oksijeni ya hewani hupenya kauri ikiwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ikakutana na haidrojeni upande wa pili, na umeme ukatoka bila moto kuwaka. Za zamani zinataka nyuzi 800 na kuendelea. Ndiyo maana kushuka hadi 500 au 600 kulipokewa kama dawa ya kila ugonjwa: chuma cha pua cha bei nafuu kinatosha, chembe za nikeli za upande wa haidrojeni haziharakii kugandamana, mihuri inayozuia gesi kuvuja inapata nafuu. Kweli, ila ni nusu ya habari.

Joto likishuka, kathodi, yaani upande unaopokea hewa, inazubaa. Ili kuiamsha huwekwa kauri zenye kobalti na strontiamu, na balaa huanzia hapo. Strontiamu haitulii. Hupanda polepole hadi juu ya kathodi ikajitandaza, mfano wa chumvi inavyochomoza kwenye kuta za nyumba za pwani. Huko juu hukutana na mvuke wa kromiamu, na njia ya oksijeni ikazibwa. Mvuke huo unatoka wapi? Kwenye chuma kilekile tulichokisifia bei. Dawa yake ni kukipaka chuma tabaka la oksidi ya manganizi na kobalti. Kazi ya fundi rangi, basi, na haimpatii mtu sifa.

Kobalti nayo ina lake. Kathodi zake hutanuka karibu mara mbili ya elektroliti, ile kauri ya katikati inayopitisha ioni, zinapopata moto, na aliyewahi kumwagia maji baridi chungu kilichotoka jikoni anaijua ile “ta!”. Mwaka 2021 kuna watafiti waliochanganya kathodi ya namna hiyo na oksidi ya itriamu na tungsteni, kitu kinachosinyaa kikipashwa moto, moja likafuta la mwenzake. Ujanja wa aina hiyo ndio ninaoupigia makofi.

Halafu kuna kuzima na kuwasha. Fueli ikikatika na hewa ikaingia upande wa nikeli, nikeli inageuka oksidi na kuvimba kwa takriban asilimia 70 ya ujazo wake. Kauri nyembamba itavumilia mara ngapi? Majaribio mengi hayaulizi. Seli inawashwa, inalelewa kwa gesi safi ya mtungi, inapigwa picha.

Kule Jülich, Ujerumani, rundo moja la seli liliwashwa Agosti 2007 na likazimwa Januari 2019, baada ya saa zaidi ya 100,000. Lilikuwa la nyuzi 700. La nyuzi 500, lililovuta hewa ya barabarani na kuzimwa kila wikiendi, bado nalisubiri.