Kampuni za waja leo, waondoka leo

Ukitaka kujua kama kampuni ina ushirika wa kweli na chuo cha ufundi, achana na picha za siku ya hundi ya mfano. Subiri miaka mitatu ipite, kisha ingia karakana uulize fundi wa kampuni ile alikanyaga pale lini mara ya mwisho.

Nalisema hili kwa sababu Tanga ya leo kila mwenye mradi anataka kupiga picha na wanafunzi wa ufundi. Si ajabu, kazi zipo. Bandari imechimbwa, na meli zilizokuwa zikitia nanga mbali na kushushiwa mzigo kwenye matishari sasa zinafunga gatini. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 hadi Chongoleani. Saruji inatoka Pongwe kila siku, na mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893, bado una mashamba na mitambo yake. Wote hao wanahitaji watu wa kuchomelea, wa umeme, wa mitambo. Wote pia wanalalamika kwamba vijana wa vyuo "hawajaiva".

Waive vipi? Kuna chuo kimoja, sikitaji, nilioneshwa mashine ya kukerezea chuma iliyotolewa na kampuni kwa mbwembwe zote: mgeni rasmi, utepe, kwaya. Niliikuta imefunikwa turubai. Kibao chenye jina la mfadhili kilikuwa kinang'aa kuliko mashine yenyewe. Mwalimu akanieleza: ilikuja karakana haina umeme wa njia tatu. Umeme ulipopatikana, ikafa kifaa kimoja ambacho spea yake huagizwa nje. Aliyesaini makubaliano alikuwa ameshahamishwa, na aliyempokea hajui kama kampuni iliwahi kutoa mashine. "Tunaifuta vumbi wageni wakija, mwanangu," akasema. Vijana wake wanajifunza kukereza kwa michoro ya ubaoni.

Mashine ile ni ghali, sikatai. Ila fundi mmoja wa kampuni, akipewa ruhusa ya kwenda chuoni siku moja kwa mwezi, angekuwa na faida kuliko mashine ile, kwa sababu angeiona imesimama na angejua nani wa kumpigia simu.

Fildi nayo ina mambo yake. Kijana anapelekwa kiwandani, anapewa ufagio, anatumwa chai na vitumbua. Siku ya mwisho msimamizi anasaini kurasa zote za kitabu chake kwa mkupuo, kalamu moja, mwandiko mmoja. Chuo kinaandika kafanya mazoezi. Kiwanda kinaandika kimesaidia jamii. Mwakani kiwanda hichohicho kinamkataa kazi kwa kukosa uzoefu!

Waajiri wana hoja yao, na ina uzito: nikimfundisha huyu, kesho jirani anamchukua. Ni kweli, atamchukua. Na wewe utachukua wa jirani. Tanga si kubwa kiasi hicho, mafundi wazuri wanajulikana kwa majina, na mji wenye mafundi wengi unawafaa waajiri wote. Halafu, mwajiri mwenye watu kumi au zaidi tayari analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi wake. Mtu aliyekwisha kulipa anapaswa kwenda kudai anafundishiwa nini, si kusubiri mwaliko wa mahafali. Kampuni za migodi zilishirikiana na chuo cha ufundi stadi cha VETA Moshi kuandaa mafundi wa migodini, kijana akisoma chuoni na kufanya kazi mgodini. Sioni kwa nini bandari na saruji zishindwe.

Wajenzi wa bomba ndio wananitia wasiwasi zaidi. Ujenzi ukiisha, wengi wao watafunga virago. Waja leo, waondoka leo, kama Tanga ilivyozoea kuambiwa. Uchomeleaji wa mabomba ya mafuta, unaopimwa kila kiungo, haujifunzwi kwa semina ya wiki moja. Ni lazima walimu wa chuo wakae na wachomeleaji hao wakati bado wapo.

Kwa viwanda vinavyobaki, ningeanza na jambo moja lisilohitaji hundi. Tanuri la saruji likisimamishwa kwa matengenezo makubwa, kila kitu kinafunguliwa: matofali ya ndani, beringi, mota. Hakuna darasa linaloweza kuonesha hayo. Matengenezo hayo hupangwa mapema, kwa hiyo chuo kipewe ratiba mwanzoni mwa mwaka, mwalimu aje na vijana wake wakiwa na ovaroli na viatu vya usalama, na kila mmoja akabidhiwe kwa fundi mwenye jina, atakayejaza kitabu chake siku kwa siku.